Faili la N264DB: Staa, kabla hujanunua ndege yako soma hapa

PAUNI 15 milioni. Hiyo ndiyo pesa Cardiff City ilikubali kuilipa Nantes Januari 2019 ili imng'oe straika wa Argentina, Emiliano Sala. Kabla yake hakuna mchezaji aliyewahi kuigharimu klabu hiyo ya Wales mkwanja mrefu kiasi hicho.

Ndege iliyopewa kazi ya kumpeleka kwa mwajiri wake mpya ilitengenezwa mwaka 1984. Ilikuwa na injini moja, siti sita na namba ya usajili N264DB ubavuni. Ilikuwa na umri mkubwa kuliko Sala mwenyewe, aliyezaliwa Oktoba 31, 1990.

Mashabiki wengi wanaijua stori hadi pale ndege ilipopotea juu ya bahari usiku wa Januari 21. Wanakumbuka maua ya njano nje ya uwanja wa Nantes, na wanakumbuka klabu mbili zikivutana kuhusu malipo. Lakini ndani ya faili la ndege ile kuna stori nyingine isiyo na jezi wala mabao. Ni stori ya jinsi watu wanavyochagua ndege ndogo, wanavyoimiliki, na nani anawajibika mambo yakiharibika.

Stori hiyo inawahusu wanasoka kuliko wanavyodhani. Achana na jeti kubwa ambazo mastaa wanapiga nazo picha na kuzitupia mtandaoni. Zile zina marubani wawili, wahudumu na kampuni nzima nyuma yake. TP Mazembe ya Moïse Katumbi, ambayo mashabiki wa Bongo waliifuatilia enzi za Mbwana Samatta na Thomas Ulimwengu, ilikuwa na ndege yake, lakini ile ilikuwa ya kubeba timu.

Hapa zinazungumziwa ndege za pangaboi, za siti nne hadi sita. Cessna 172 iliyotumika miaka mingi inaweza kupatikana kwa bei ya gari jipya la kifahari. Mchezaji wa kawaida tu wa ligi kubwa Ulaya anaweza kuilipia kwa mshahara wa wiki chache na wala asishtuke.

Tatizo ni kwamba gari likizima unasogea pembeni, unawasha taa za hatari na kumpigia fundi.

NDEGE YA NANI?

Ukiuliza N264DB ilikuwa ya nani, jibu linategemea umemuuliza nani.

Herufi N mwanzoni inaonyesha ndege imesajiliwa Marekani, kama 5H ilivyo ya Tanzania, 5Y ya Kenya na 5X ya Uganda. Mgeni asiye na uraia wala ukaazi wa Marekani hawezi tu kwenda kuandikisha ndege kwa jina lake kule. Kwa hiyo Waingereza wengi wenye ndege ndogo wanapitia kampuni ya udhamini. Kwenye karatasi mmiliki ni kampuni, na mwenye pesa anakaa nyuma ya pazia. Ni jambo halali na la kawaida Ulaya.

Ndivyo ilivyokuwa kwa ndege hii aina ya Piper Malibu. Mwenye mali halisi alikuwa raia wa Uingereza, na shughuli za kila siku alizikabidhi kwa mtu anayeitwa David Henderson. Huyu ndiye aliyetafuta marubani, akapanga safari na kuhakikisha ndege inapelekwa kwa mafundi.

Sasa hesabu vichwa. Kuna kampuni yenye jina kwenye cheti, mwenye pesa na msimamizi. Kuna rubani. Kuna wakala wa soka, Willie McKay, aliyekuwa kwenye dili la Sala na ambaye ndiye aliyepiga simu kutafuta usafiri. Kisha kuna abiria. Watu wote hao kwa ndege moja ndogo. Ni kama krosi inayoingia kwenye boksi huku kila beki akidhani mwenzake ataiondoa.

Na hapa ndipo pa kuuma. Katikati ya mwaka 2018, mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza ilileta taarifa kwamba N264DB imeingia mara mbili kwenye anga isiyoruhusiwa. Aliyekuwa usukani ni rubani David Ibbotson. Mwenye ndege akamwambia Henderson waziwazi kwamba huyo jamaa asiirushe tena.

Januari 2019 Henderson alikuwa Paris na mkewe. Simu ya safari ya Sala ilipoingia, kazi akampa Ibbotson.

Mwenye ndege alishasema hapana. Ndege ikaruka.

Anayenunua ndege yake ya kwanza mara nyingi anawaza rangi, siti za ngozi na skrini za mbele. Swali gumu kuliko yote halimo kwenye tangazo la muuzaji: nani atashika ufunguo siku wewe haupo? Mchezaji anasafiri na timu wiki nzima, anacheza wikiendi, anakaa kambini. Ndege inabaki kwa msimamizi, na msimamizi anaona chuma kimelala bila kuingiza senti. Kishawishi cha kukikodisha kimyakimya ni kikubwa.

LESENI YA KUBEBA WASHKAJI

Ibbotson, aliyekuwa na miaka 59, hakuwa rubani wa biashara. Alikuwa na leseni binafsi, ile ambayo mtu yeyote mwenye afya, muda na pesa anaweza kuisomea. Uingereza na Ulaya kiwango cha chini ni saa 45 za mafunzo ya kurusha ndege, Marekani ni 40.

Leseni hiyo inakuruhusu kumpakia mkeo, watoto na washkaji. Mnaweza kuchangia mafuta. Usichoruhusiwa ni kulipwa kwa kazi ya kurusha ndege. Wachunguzi wa ajali za ndege wa Uingereza walikuta kwamba safari ya Sala ilikuwa ya malipo, na wala ndege yenyewe haikuwa na kibali cha kazi hiyo.

Haikuishia hapo. Kibali cha Ibbotson cha ndege za aina ile, zenye injini moja ya pistoni, kilikuwa kimekwisha Novemba 2018. Na hakuwa amefuzu kurusha usiku. N264DB iliondoka Nantes saa 1:15 usiku kwa saa za Uingereza, katikati ya majira ya baridi, giza totoro.

Ni sawa na kumchukua mwamuzi wa Ndondo Cup, tena ambaye beji yake imeisha muda, umpe dabi ya Kariakoo usiku na taa za uwanja zimezimwa. Anaweza kuwa mtu mzuri na anaweza kuupenda mpira kuliko wote, lakini mechi ile si ya kwake.

Sala hakujua lolote kati ya hayo. Cardiff ilisema baadaye kuwa ilijitolea kumpatia usafiri wa ndege ya kawaida ya abiria. Yeye alichukua uliopangwa na upande wa mawakala kwa sababu ulimpeleka moja kwa moja, akawaage wenzake Nantes na kurudi Cardiff kuanza mazoezi. Nani asingefanya hivyo?

Akiwa ndani ya ndege aliwatumia marafiki ujumbe wa sauti. Alisema amechoka, na kwamba yuko kwenye ndege inayoonekana kama inataka kumeguka vipande. Alikuwa anatania nusu, anaogopa nusu.

Naye rubani alikuwa na wasiwasi wake. Sauti iliyorushwa na BBC mwaka 2022 ilimnasa Ibbotson akimsimulia rafiki yake kabla ya safari ya mwisho. Alisema walipokuwa wakivuka bahari kwenda Nantes alisikia kishindo. Akasema koti la kuokolea maisha huwa analiweka katikati ya siti, lakini kwenye safari ya kurudi atalivaa kabisa.

Rubani anayewaza kuvaa koti la kuokolea kabla hajaondoka ameshatoa hukumu juu ya ndege. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia kaa chini, tutampeleka mchezaji kesho kwa njia nyingine. Mwenye ndege angekuwa na sauti hiyo, lakini neno lake lilishapuuzwa.

GESI ISIYONUKA

Saa 2:16 usiku N264DB ilitoweka kwenye rada, kaskazini ya kisiwa cha Guernsey. Dakika chache kabla, Ibbotson aliomba kushuka chini akikwepa mawingu. Februari 3 mabaki yalipatikana chini ya bahari, kwenye kina cha karibu mita 68, baada ya msako binafsi uliochangiwa na wanasoka na mashabiki. Mwili wa Sala ulitolewa. Wa Ibbotson haujapatikana mpaka leo.

Ripoti ya Machi 2020 ilisema rubani alipoteza udhibiti akiwa anageuza ndege kwa mkono, na ndege ikavunjika angani ikiwa kwenye kasi iliyopita uwezo wake. Halafu kuna kipengele ambacho hakuna aliyekitarajia. Vipimo vya damu ya Sala vilionyesha asilimia 58 ya chembe za kubeba oksijeni zilikuwa zimekamatwa na gesi ya kaboni monoksaidi. Wachunguzi wakaona kuwa rubani naye huenda alikuwa ameathirika.

Watu wa huku wanaijua gesi hii. Ndiyo inayoua familia zinazolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Haina rangi wala harufu. Unaanza kusikia usingizi, kichwa kinauma, akili inakuwa nzito, basi.

Kwenye ndege nyingi za pistoni hita haina umeme. Hewa ya baridi inapitishwa kwenye koti la bati lililozunguka bomba la moshi wa injini, inapata moto, inaingia kwa abiria. Bomba likipata ufa, moshi unaingia pamoja na joto. Ndege ya miaka 35 ina bomba lililopashwa na kupozwa maelfu ya mara. Kwa Dar es Salaam au Mombasa hita inaweza kukaa mwaka bila kuguswa, ila ukivuka nyanda za juu alfajiri lazima utaifungua.

Kifaa cha kupiga kelele gesi hiyo inapoingia kinauzwa bei ya chini kuliko njumu anazovaa straika wa Ligi Kuu England. Ndani ya N264DB hakikuwepo.

UNATAKA KWENDA WAPI?

Marubani wenye uzoefu wakiulizwa ndege gani ya kununua, huwa hawajibu. Wanauliza kwanza: unakwenda wapi, na watu wangapi, na uwanja wa huko una urefu gani?

Chukua Cessna 172, ndege iliyotengenezwa kwa wingi kuliko zote duniani. Tangu miaka ya 1950 zimetoka zaidi ya 44,000. Ina siti nne, injini moja, magurudumu yasiyokunjwa, na inakwenda karibu kilomita 220 kwa saa. Ni ndege ya kufundishia na inasamehe makosa mengi.

Lakini siti nne si watu wanne. Zile za miaka ya karibuni zinaweza kubeba takriban kilo 400, mafuta yakiwemo. Tangi likijaa, mafuta peke yake ni kama kilo 145. Zinabaki kilo 255. Mabeki watatu wa kilo 85 kila mmoja wameimaliza hesabu. Beki wa nne abaki na mabegi yote, la sivyo mafuta yapunguzwe na safari ikatwe katikati.

Ongeza na mazingira ya huku. Uwanja wa Wilson, Nairobi, uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Arusha nayo iko juu. Hewa ya juu ni nyepesi, na jua la mchana linaifanya kuwa nyepesi zaidi. Injini inakosa pumzi, bawa linakosa pa kushika, na ndege iliyoruka kwa raha Zanzibar inakula barabara ndefu ya kurukia ikifika bara. Mchezaji aliyewahi kutoka Dar kwenda kucheza mlimani anajua hali hiyo kifuani mwake.

Malibu ya Sala ilikuwa kitu kingine. Kabini yake inajazwa hewa ili iweze kupanda juu kabisa, magurudumu yanakunjwa, inaweza kupita kilomita 370 kwa saa. Ni ndege ya mbio na ya mtu anayejua anachofanya. Inamvutia tajiri mpya kwa sababu inamfikisha haraka, na inamtega kwa sababu hiyohiyo, maana kwa kasi ile kosa dogo linakua kabla hujalishtukia.

Wamarekani wanayo stori yao ya zamani kuhusu hili. Beechcraft Bonanza ya mkia wa umbo la V, iliyoanza kuuzwa 1947, ilibatizwa jina la muuaji wa madaktari. Ndege haikuwa mbovu. Ilikuwa nzuri na ya haraka, na walioweza kuinunua walikuwa madaktari na mawakili wenye pesa nyingi na saa chache angani. Weka neno wanasoka mahali pa madaktari uone kama kuna kitu kitabadilika.

Wengine hukimbilia injini mbili wakiamini ni bima. Zambia inajua zaidi. Aprili 27, 1993, ndege ya jeshi iliyobeba Chipolopolo ilianguka baharini ikitoka Libreville, watu wote 30 wakafa. Ilikuwa na injini mbili. Moja ilishika moto, na uchunguzi ulionyesha rubani aliyechoka akazima ile nzima. Januari 24, 2021, klabu ndogo ya Brazil, Palmas, ilimpoteza rais wake na wachezaji wanne kwenye ndege ndogo ya injini mbili iliyoanguka mara tu baada ya kuruka.

Injini ya pili inahitaji rubani anayefanya mazoezi ya kuipoteza ya kwanza, tena mara kwa mara. Asiyefanya amenunua gharama mara mbili tu.

Chaguo la kisasa ni Cirrus, ndege ya injini moja yenye parachuti la kushusha ndege nzima. Limeokoa watu wengi. Ila hata lenyewe halimfikirii mtu. Oktoba 11, 2006, Cory Lidle, mrusha mpira wa timu ya besiboli ya New York Yankees, alikufa pamoja na mwalimu wake wa urubani baada ya Cirrus yake kugonga jengo la ghorofa Manhattan. Walijaribu kugeuza juu ya mto, kwenye nafasi finyu. Wachunguzi hawakulaumu injini wala bawa. Walilaumu mipango na maamuzi ya waliokuwa usukani.

VIPIMO VYA AFYA

Hakuna klabu makini inayosajili bila vipimo. Goti linapigwa picha, moyo unasikilizwa, na daktari ni wa klabu inayonunua. Kwenye ndege ni vilevile. Fundi wa kuikagua lazima awe wako, asiwe yule aliyeitunza kwa muuzaji miaka 10, hata kama ni mtu wa watu.

Anaanza na vitabu. Kila ndege ina kumbukumbu za tangu ilipotoka kiwandani: saa ilizoruka, vilivyobadilishwa, ajali, rangi mpya na sababu ya rangi hiyo. Kitabu kilichopotea kinashusha bei, na muuzaji anayesema kiliungua anatakiwa aulizwe kiliunguaje.

Halafu injini. Nyingi za aina hii mtengenezaji anataka zifumuliwe na kujengwa upya kila baada ya saa 2,000 hivi, na kazi hiyo inameza makumi ya maelfu ya dola. Ndege ya bei poa yenye injini ya saa 1,900 si bei poa. Umenunua straika mwenye mkataba uliobaki wiki tatu.

Kinachowashangaza wengi ni kwamba ndege iliyoruka sana mara nyingi ni bora kuliko iliyolala. Injini isiyowashwa inaota kutu ndani, mipira inakauka, ndege wenyewe, wale wa manyoya, wanajenga viota. Tangazo linasema imetumika kidogo, kama wakala anayesema mchezaji wake hajachoka kwa sababu amekaa benchi misimu mitatu.

Kwa wanaoishi Dar, Tanga, Mombasa au Unguja, adui ni chumvi. Inakula alumini kimyakimya chini ya rangi inayong'aa. Fundi mzuri atafungua vifuniko vya mabawa, atapiga tochi ndani na kutambaa chini ya mkia. Akitumia nusu saa tu, mtafute mwingine.

BEI NI PASI YA KWANZA TU

Baada ya kununua ndipo mechi inaanza. Kuna ukaguzi wa kila mwaka ambao bila huo ndege hairuhusiwi kuruka, na kuna banda la kuilaza. Bima nayo haikwepeki, na kwa mwenye leseni mpya na ndege ya mbio ni ya moto. Mafuta ya ndege za pistoni hayapatikani kila uwanja Afrika. Ndiyo maana kampuni za safari za huku zinapenda Cessna Caravan, inayotumia mafuta ya jeti, jamii ya mafuta ya taa, yanayopatikana sehemu nyingi. Gharama nyingi kati ya hizo zinakuja uruke usiruke, kwa hiyo wajanja Ulaya wanaungana watu wanne au sita, wananunua moja na kugawana bili.

Usipolipa bili hizo, au ukiacha karatasi zilale, kuna mtu mwingine atalipa. Familia ya Graham Hill inajua.

Hill alikuwa bingwa wa dunia wa Formula One mara mbili, 1962 na 1968. Aliposhinda Indianapolis 500 mwaka 1966, pesa ya ushindi akanunulia Piper Aztec, ndege ndogo ya injini mbili. Ilikuwa fahari yake. Novemba 29, 1975 alikuwa akirudi nayo kutoka majaribio ya magari Ufaransa, yeye akiwa rubani. Kwenye ukungu, karibu na uwanja wa Elstree nje ya London, ikaanguka kwenye viwanja vya gofu. Watu sita walikufa, akiwemo dereva wake chipukizi Tony Brise.

Uchunguzi ulipofungua makabrati ulikuta usajili wa ndege ulishakufa, na vibali vya Hill vya kurusha kwenye hali mbaya ya hewa vilikuwa vimepitwa na wakati. Bima ikawa haina kazi. Familia za waliokufa zikadai fidia kwenye mali aliyoiacha, na mjane wake akalazimika kuachana na mengi. Mtoto wao Damon, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia 1996, alikulia kwenye hesabu za karatasi ambazo baba hakuzihuisha.

WALIOBAKI MAHAKAMANI

Kwa Sala, hesabu ilifika Mahakama ya Cardiff. Oktoba 28, 2021 jopo la wazee wa mahakama lilimkuta Henderson na hatia ya kuhatarisha usalama wa ndege. Alishakiri shtaka jingine la kupanga safari ya abiria bila kibali. Ilibainika mahakamani kwamba baada ya ajali aliwatumia watu ujumbe akiwataka wakae kimya. Novemba 12 akapewa miezi 18 jela.

Klabu ziliendelea na mpira wao wa karatasi. Agosti 2022 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ilisema usajili ulishakamilika, na Cardiff ikatakiwa kuilipa Nantes awamu ya kwanza ya euro 6 milioni kwa mchezaji ambaye hakuvaa jezi yake hata dakika moja.

Kwa mchezaji anayepewa lifti ya ndege ndogo, hata huku ambako safari za fasta kwenda visiwani au mbugani ni jambo la kawaida, maswali ni machache na hayana aibu. Kama nalipia, au kuna mtu ananilipia, kampuni ina cheti cha biashara? Rubani ana leseni ya biashara? Kampuni halali inaonyesha karatasi hizo bila kununa. Anayejibu kwamba usijali kaka, huyu ni mzoefu, ameshajibu.

Na kwa anayetaka kununua ya kwake, Uingereza imeshamsogezea hatua moja. Tangu Januari 1, 2025, mamlaka ya anga ya huko inataka ndege nyingi za pistoni zinazobeba abiria ziwe na kifaa cha kupiga kelele gesi ya kaboni monoksaidi inapoingia kwenye kabini. Kipo cha kubandika kwenye dashibodi na kipo cha kuweka mfukoni.